Siku ya Mashujaa na Daftari Lililouzwa

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa serikali, katika mkesha wa Siku ya Mashujaa.)



Mlinialika nizungumze juu ya maana ya siku za kumbukumbu. Nadhani mlitarajia historia, maana ndilo somo nililolifundisha kwa muda wa miaka 34. Historia nitaigusa kidogo. Lakini zaidi nimekuja kukiri kosa, na naomba mnivumilie.

Kalenda kila mmoja wetu anayo, imetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na ifikapo Januari jambo la kwanza tunalolitazama ni zile tarehe zilizopigwa rangi nyekundu. Sikukuu ikiangukia Jumapili tunanung'unika kana kwamba tumedhulumiwa. Tarehe 7 Aprili hatuendi kazini kwa sababu mwaka 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa. Tarehe 14 Oktoba tunapumzika kwa sababu mwaka 1999 Mwalimu Nyerere alifariki dunia. Hizo ni siku za msiba, ndugu zangu, lakini tumezigeuza kuwa siku za kufua nguo na kulala hadi jua lichomoze. Silaumu, nguo nazo hazina budi kufuliwa, na mimi nilikuwa hodari wa usingizi huo.

Kesho, tarehe 25 Julai, haina rangi nyekundu. Mkuki na ngao vitawekwa kwenye mnara pamoja na shada la maua, tarumbeta italia, nasi tutakuwa mezani na madarasani kama kawaida. Vivyo hivyo tarehe 27 Februari. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea wapiganaji wa Majimaji zaidi ya 60, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye mji wenyewe unaitwa kwa jina lake. Hatupewi mapumziko kwa ajili yao, lakini wenyeji wa Songea hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo akaomba radhi. Ilikuwa imepita miaka 117. Najiuliza angesimama wapi kuomba radhi hiyo, na angemwomba nani, kama wazee wa Songea wasingeyatunza makaburi na majina.

Utunzaji huo wa majina ndio unaonirudisha kwenye kosa langu.

Mwaka 1999 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko kusini. Tulipata habari kwamba mgeni mkubwa angetutembelea, nami nikaamuru stoo isafishwe. Mlikuwamo madaftari ya zamani, mengine ya tangu kabla ya Uhuru: ya kuandikisha wanafunzi, ya mahudhurio, ya michango. Vumbi tupu, nikasema. Tukayauza kwa wauza karanga, wakafungia karanga zao, na fedha iliyopatikana tukanunulia chaki. Mgeni alikuja, akasifu usafi wa stoo. Nami nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo.

Mnamo Julai 2004, mama mmoja wa makamo ya miaka 70 na zaidi alikuja ofisini kwangu akiongozana na mjukuu wake. Akaniambia, "Shikamoo sikupi, mwalimu, wewe ni mwanangu." Nikamwamkia. Akakaa, akaeleza kwamba amesikia redioni kuwa taifa litawakumbuka mashujaa. Mwanawe alisoma shuleni kwetu, akaingia jeshini, akaenda vita vya Kagera, hakurudi. Picha yake hakuwa nayo. Barua ya jeshi iliungua pamoja na nyumba yake ya nyasi. Akauliza kama katika sherehe hizo mwanawe atatajwa. Nikamjibu kwamba waliokufa ni wengi, hawatajwi mmoja mmoja. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi nionyeshe hapa kwako. Siku ile ulipoandikwa mwaka wake wa kwanza nilikuwapo, mwalimu aliniuliza jina nikamtajia, akaliandika kwa wino. Nataka mjukuu anisomee."

Ndugu zangu, nilijifanya kutafuta. Nilifungua kabati, nikafunga. Niliingia stoo nikakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nilijua kwamba sehemu pekee ya dunia ambako jina la kijana yule lilikuwa limeandikwa, nje ya majalada ya jeshi ambayo mama yule asingeyafikia, ilikuwa imefungia karanga miaka mitano kabla. Nilipotoka nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Wino bado unao?"

Nikachukua kitabu cha matukio ya shule, kile tunachoandika ziara za wakaguzi na mapaa yaliyoezuliwa na upepo. Nikaandika jina la kijana, la baba yake, la kijiji, na kwamba alikufa vitani mwaka 1979. Mjukuu akasoma kwa sauti. Mama akamtaka arudie. Kila Julai baada ya hapo alimtuma yule mtoto aje kutazama kama jina bado lipo, hadi alipofariki mwaka 2011.

Katika ujana wangu nilidhani kwamba maisha yenye maana ni ya wale wanaosimamishiwa minara, na kwamba sisi wa chaki na mafaili kazi yetu ni kuipigia minara hiyo saluti. Sasa sidhani hivyo. Yule mwalimu aliyeandika jina kwa wino, ambaye mimi sikupata kumjua, alifanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote za sikukuu, naye yamkini alikuwa akiwaza chakula cha mchana. Wengi wenu hapa mnashika vitabu vya namna hiyo: vizazi na vifo, uhamisho, pensheni, mahudhurio. Nawaomba kesho, kwa kuwa hatuna mapumziko, kila mmoja aingie stoo yake atazame kilichomo kabla hajapatikana mgeni wa kuisafishia.

Mwaka jana nilipita shuleni pale. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, alizaliwa baada ya vita vile. Nikamwomba kitabu cha matukio. Alikitoa katika sanduku la bati. Mchwa walikuwa wamekula kona, lakini ukurasa ule ulikuwa mzima. Akasoma jina, akaniuliza, "Mzee, huyu alikuwa nani?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.