Milima Ileile na Masimulizi Mengi: Dunia za Kubuni katika Michezo ya Video na Somo la Mbega



Kuna aina ya mchezo wa video ambao mchezaji hashindani kwa mbio wala kwa shabaha tu. Huvaa uhusika wa mtu fulani, akachagua njia, akaishi na matokeo ya alichokichagua. Watengenezaji wa michezo hiyo walitambua mapema kwamba nchi ya kubuni ni ghali kuijenga, hivyo wakaitumia tena na tena. Tamriel, nchi iliyobuniwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani, ilianza na mchezo wa mwaka 1994 na bado inazaa mingine. Ivalice ya Mjapani Yasumi Matsuno imebeba mchezo wa 1997, wa 2000 na wa 2006, kila mmoja na wahusika wake na zama zake. Kwa ladha yangu hiyo ndiyo iliyofumwa vizuri zaidi. Swali langu ni hili: hadithi zilizotengana huwaje za dunia moja? Wengi hujibu kwamba ni pale matukio yake yanapopatana. Mimi nasema kupatana kwa matukio ni jambo dogo. Dunia hushikwa na ardhi yake pamoja na kanuni zinazotawala ardhi hiyo, na ushahidi wangu mkubwa uko juu yetu hapa Magoma, kwenye milima ya Usambara.

Tuanze na Mbega. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichotolewa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907, Mbega ni mwindaji kutoka Ngulu. Ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamnyima urithi. Anakwenda Kilindi, mtoto wa mkubwa wa huko anakufa katika msako wa nguruwe, naye anakimbia tena na mbwa wake. Anapanda milimani, anawapa wakulima nyama nao wanampa chakula cha shambani, anaamua kesi zao, anafika Bumbuli, na njiani kwenda Vuga anaua simba. Wanamfanya mfalme, na mwanawe Buge anamrithi; ukoo wao wa kifalme ndio Wakilindi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960, alionyesha kwamba masimulizi haya yana matoleo mengi. Anayesimulia hukipa kijiji chake au ukoo wake nafasi ambayo jirani yake haitaji. Kisichobadilika ni njia ya mgeni kutoka nyikani kupanda kwenye nchi ya mashamba, na ile biashara ya nyama kwa chakula ambayo mwisho wake ni utii. Matoleo hayo hayakuwahi kuketishwa yapatanishwe, na hakuna Msambaa, mwenyeji wa milima hiyo, aliyeshindwa kutambua kwamba yote yanahusu nchi moja.

Kanuni ya nchi hiyo ni kali kuliko ramani yake. Wasambaa husema kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu isiyopingwa huleta mvua. Wenye nguvu wawili wakishindana, mvua hukatika na njaa huingia. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki karibu mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alipigana na Shekulwavu, mjukuu wa mfalme, aliyekalia Vuga, makao ya ufalme. Mtu angeweza kuunga mkono upande wowote, lakini maafa yaliyofuata aliyaeleza kwa kanuni ileile. Mtengenezaji wa michezo angeiona thamani ya kanuni hiyo mara moja: humwambia mchezaji tendo lake litagharimu nini, na hufanya kazi awe anaigiza mwindaji wa karne ya 18, mpagazi wa Mazinde au mkulima wa hapa Magoma, chini ya milima.

Atapinga mtu kwamba mchezo si simulizi la jioni. Mchezaji aliyemwokoa mfalme katika mchezo wa kwanza atakasirika akimkuta amekufa katika wa pili. Hoja hii ina uzito, maana mchezaji ametoa saa zake na uamuzi wake. Hata hivyo Bethesda yenyewe ilikwama hapohapo. Mchezo wake Daggerfall wa 1996 ulikuwa na miisho kadhaa isiyoweza kukaa pamoja. Katika michezo iliyofuata, vitabu vilivyomo ndani yake vilieleza kwamba yote yalitokea kwa pamoja, wakati wenyewe ulipovunjika. Wapo walioiita hila. Naona ni ungamo: kampuni ilikiri kwamba dunia yake inaweza kubeba ushuhuda unaopingana, mradi milima na miungu vibaki mahali pake.

Udhaifu wa kweli wa dunia za michezo uko kwenye umiliki. Aprili 2024 ulitoka mchezo Tales of Kenzera: Zau, wa studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Umejengwa juu ya masimulizi ya Kibantu na unaweza kuucheza kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau, mganga, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Studio ikapanga mchezo wa pili, wa kuvaa uhusika hasa, katika dunia hiyohiyo, ikauita Project Uso. Kabla mwaka haujaisha ilitangaza kwamba kikosi chake cha michezo kimepewa notisi ya kupunguzwa wakati fedha zinatafutwa. Simlaumu Salim, kazi yake ni ya heshima. Lakini dunia yenye mlango mmoja husimama mwenye ufunguo akikosa mtaji. Masimulizi ya Mbega yalipita vita vya Wakilindi, Wajerumani na Waingereza kwa sababu kila kijiji kilikuwa na haki ya kuongeza sura yake.

Pingamizi gumu zaidi ni la wazee: Wakilindi si watu wa kubuni. Wana makaburi, wana wajukuu, na mambo mengine ya kifalme si ya kuchezea watoto. Nakubali, na ndiyo maana sisemi tumchukue Mbega tumfanye bidhaa. Lakini tusijifanye kwamba maandishi tuliyonayo hayana mkono wa mtu. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa Semboja, na msomaji makini anapaswa kulikumbuka hilo. Heshima kwa historia hii ni kutaja nani amesimulia, akiwa wapi, na kuliacha toleo lake lisimame bila kulazimishwa lifanane na la jirani. Mchezo unaweza kufanya hivyo vizuri kuliko kitabu, kwa kuwa kila mlango wa kuingilia unaweza kuwa wa msimulizi mwingine, na yale ambayo wazee wamekataza hayapewi mlango.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Magoma, Mashewa, Bumbuli na Vuga wenye simu za kurekodi na hamu ya kutengeneza michezo: msianze na mhusika wala silaha. Nendeni kwa wasimulizi, muombe ruhusa, mrekodi kila toleo kamili na jina la mahali lilikosimuliwa, na msisahihishe yanapopingana.