Kibra si mabati tu

Tukisikia Kibra tunafikiria mabati na matope. Lakini pale nani ni nani?

Jina lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Askari Wanubi wa KAR waliwekwa pale na Mwingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila hati miliki. Hati ya jamii, ekari 288, ikaja 2017! Waliopigana walishazikwa zamani.

Ndio maana utakuta mtu ana nyumba lakini ardhi si yake. Juu kuna chifu na mzee wa kijiji. Chini wako wapangaji, na hao ndio wengi. Mpangaji analipa kodi, maji ananunua kwa mtungi, na tingatinga likija, kama lile la barabara Julai 2018, wa kwanza kumpokea ni jirani, mara nyingi si wa kabila lake wala dini yake.

Kwa hivyo baraza la chifu likiitwa, nendeni. Ulizeni: hiyo orodha ya fidia ni ya wenye nyumba pekee, ama na wapangaji wameandikwa?