Muuguzi wa Usingizi: Kazi Gani Hiyo?

  Madaftari yawe wazi, lakini kalamu ziwekwe chini kwanza. Tutaandika mwishoni.

Darasa la Mazinde, chini ya milima ya Usambara, limeleta swali. Mzazi mmoja wa darasa hilo ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Binti anataka kusomea uuguzi, kisha awe muuguzi wa kuwatia wagonjwa usingizi wanapopasuliwa. Baba yake anauliza: "Kazi gani hiyo ya kulaza watu? Anachoma sindano moja, kisha anakaa kitako?"

Mzee wangu, swali lako ni la haki, maana kazi hii hufanyika mlango umefungwa. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haioni, kwa kuwa amelala. Akiamka humshukuru daktari aliyempasua, akaenda zake. Yule aliyemlinda asife hamjui hata jina.

Wazee waliuita usingizi huu nusukaputi. Kwa Kijerumani, kaputt ni kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Wajerumani walitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza, na Lushoto waliiita Wilhelmstal. Basi nusukaputi ni kama kusema mtu amekwisha nusu. Neno hilo latisha, lakini mimi naona lina ukweli kuliko neno usingizi. Mtu aliyelala kitandani kwake, ukimfinya ataamka. Aliyetiwa dawa haamki. Ulimi wake hulegea ukaanguka nyuma na kuziba koo. Hawezi kukohoa wala kumeza mate. Pengine hata kifua hakipandi chenyewe. Nusu ya kazi ya kuishi ameiacha mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye muuguzi wa usingizi.

Zamani hapakuwa na dawa hizi. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alishuhudia mganga wa Bunyoro, Uganda, akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili alegee, na watu wakamshika. Mama na mtoto walipona. Huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton, mganga wa meno, alikwisha kuwaonyesha watu mvuke wa dawa iitwayo etha. Mgonjwa aliuvuta, akakatwa uvimbe shingoni bila kupiga kelele. Tangu siku hiyo upasuaji ulibadilika, na pia ilianza hatari mpya, yaani dawa yenyewe. Ikiwa haba mgonjwa ataamka kabla ya wakati. Ikizidi hataamka kabisa.

Sasa twende chumba cha kupasulia. Tuseme mama mmoja wa Mazinde ana uchungu tangu jana, na mtoto hapiti. Amepelekwa hospitali, Korogwe au Lushoto. Daktari ameona hapana budi apasuliwe. Visu vipo, daktari yupo, taa zinawaka. Lakini kama hakuna mtu wa usingizi, vyote hivyo ni bure. Mama atapakiwa tena garini kupelekwa mbali zaidi, na mtoto tumboni hangoji gari. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na usingizi ulio salama kwa gharama wanayoimudu. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania hakuna daktari bingwa wa usingizi. Kazi hushikwa na wauguzi na matabibu walioisomea.

Muuguzi akifika humwuliza mama, "Umekula nini, na lini?" Wengi hudhani ni maneno ya kumliwaza tu. Sivyo. Mtu akilala kwa dawa, chakula kilichomo tumboni huweza kupanda kooni kikaingia mapafuni, naye akafa kwa uji wake mwenyewe. Kwa hiyo mgonjwa aliyepangiwa siku ya kupasuliwa hukaa muda wa saa 6 bila chakula, na muda wa saa 2 bila hata maji. Ndugu wengine humpenyezea uji kwa huruma, kisha wakanyamaza. Tafadhali msifanye hivyo. Na kama mmekwisha kumpa, mwambieni muuguzi. Hata akiwagombeza, mwambieni.

Kwa mama wa kujifungua, mara nyingi hutumika ganzi ya mgongo. Sindano nyembamba huchomwa chini mgongoni, na sehemu ya kutoka tumboni hadi miguuni hufa ganzi. Mama yu macho. Atamsikia mtoto wake akilia. Wako wanaosema sindano hiyo huharibu uti wa mgongo. Huchomwa chini ya mahali ambapo uti wenyewe unaishia. Wachache huumwa kichwa siku chache baadaye, nao hutibiwa. Jambo la kuangaliwa sana ni presha ya damu, maana ganzi hii huishusha upesi. Ndiyo sababu muuguzi hupima, akapima tena, huku maji yakiingia mshipani.

Akitakiwa kulala kabisa, kazi ni nzito zaidi. Muuguzi humpa hewa ya oksijeni, humtia dawa, kisha hupitisha mpira kinywani hadi kwenye njia ya pumzi. Umeme ukikatika na mashine ikasimama, yeye hushika mfuko wa hewa na kuuminya kwa mkono, pumzi baada ya pumzi, hata dakika zikawa nyingi. Kidoleni mwa mgonjwa hubanwa chombo kidogo kinachoonyesha oksijeni iliyomo katika damu. Kikisoma 95 au zaidi, vema. Kikishuka chini ya 90, ni hatari, na sababu itafutwe mara moja. Huo ndio "kukaa kitako" kwake, Mzee.

Nanyi jaribuni jambo moja. Wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mnasikia mpigo? Mwalimu atazame saa, nanyi mhesabu kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo kati ya 60 na 100. Muuguzi wa usingizi huyafuata mapigo hayo tangu mwanzo wa kupasua hadi mwisho, akiyaandika katika karatasi kila baada ya dakika chache.

Nimesema akiyaandika. Kazi hii ni ya kusoma na kuhesabu kuliko nyingi mnazozijua. Tuseme dawa fulani hupimwa miligramu 2 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtu wa kilo 50 atapata ngapi? 2 mara 50 ni 100. Na mtoto wa kilo 10? Ni 20. Sasa mtu akikosea sifuri moja, akampa mtoto yule 200! Vichupa vya dawa navyo hufanana kama mayai. Asiyesoma kibandiko mara mbili hafai kwa kazi hii, hata awe mpole namna gani.

Mzazi huyo aliuliza tena kama muuguzi anaweza kweli kufanya kazi ya namna hiyo, au ni ya madaktari tu. Bibi Alice Magaw alikuwa muuguzi huko Rochester, Minnesota, Marekani. Mwaka 1906 alichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 14,000 waliotiwa usingizi, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ajili ya dawa hiyo. Alikuwa akizungumza nao kwa upole huku akidondosha dawa tone kwa tone, nao wakatulia, wakahitaji dawa kidogo. Madaktari walisafiri kwenda kumtazama akifanya kazi.

Sasa njia yenyewe. Binti awe amefaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne, yaani baiolojia, kemia na fizikia. Kwa hiyo wenye watoto wadogo waanze kuangalia hesabu na sayansi mapema. Huko juu mlimani, wilaya ya Lushoto, iko shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989. Msiichanganye na Mazinde ya bondeni. Baada ya sekondari husoma stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3, kisha husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Afanye kazi wodini kwanza, azoee wagonjwa. Halafu ndipo aende kusomea usingizi. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina mafunzo hayo, na njia kuu ya kwenda Moshi inapita hapo hapo Mazinde. Masharti na ada hubadilika, kwa hiyo aandike barua chuoni aulize kabla ya kuuza mbuzi.

Sitaificha taabu yake. Ataitwa usiku wa manane. Pengine atakuwa peke yake katika hospitali nzima, hana wa kumpokea akiugua. Anaweza kupangiwa kazi mbali na nyumbani kwa miaka mingi. Na iko siku mgonjwa atafariki ingawa yeye hakukosa lolote, naye kesho yake itampasa kumlaza mwingine kwa mkono usiotetemeka. Mzazi, mwulize binti yako juu ya siku hiyo. Usimwulize juu ya mshahara tu.

Sasa shikeni kalamu. Mwalimu, andika ubaoni maneno haya: pumzi, ganzi, presha, nusukaputi. Kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno. Kisha fanyeni hesabu hii: dawa ni miligramu 2 kwa kilo, mgonjwa ana kilo 45. Apewe miligramu ngapi? Andikeni jibu, mbadilishane madaftari na jirani, naye ahesabu upya tangu mwanzo bila kutazama jibu lako.