Mlima Ulioangukia Baharini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Wanafunzi waliosoma Safinatun-Najaa wanalijua jina la Sheikh Nawawi al-Bantani, aliyekisherehesha kitabu hicho. Nisba yake ni Banten, magharibi mwa kisiwa cha Java katika Indonesia. Huko ni kwa Waislamu wenzetu, na mbele yao upo mlango wa bahari wa Sunda, unaotenga Java na Sumatra. Katika maji hayo ulikuwapo mlima wa moto uitwao Krakatau. Tarehe 26 na 27 Agosti 1883 mlima ule ulipasuka, na mshindo wake ukasikika hata kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi hii yetu, karibu kilomita 4,800 kutoka pale. Watu zaidi ya 36,000 wakafariki, na walio wengi hawakuuawa na moto bali na maji. Sheikh alikuwa Makka wakati huo. Watu wa nchi yake wakawa miongoni mwa waliozama.

Mwaka 1927 ulianza kuzuka mlima mwingine palepale, wenyeji wakauita Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau. Mtoto huyo alikua hata akafikia kimo cha mita 338. Jumamosi usiku, tarehe 22 Desemba 2018, yapata saa tatu, ubavu wake wa kusini-magharibi ulimomonyoka ukaangukia baharini. Kilichobaki kilikuwa na kimo cha mita 110 hivi. Katika muda wa nusu saa hivi mawimbi yalikuwa yamekwisha kuipiga pwani ya Banten na ya Lampung, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Tufahamu jambo hili lilivyokuwa. Tsunami tuliyoizoea kuisikia hutokana na tetemeko la ardhi, kama ile ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika mpaka Somalia, Kenya na Tanzania ikaua watu. Tetemeko huinua sakafu ya bahari mahali papana, na vyombo vya kupimia hulitambua. Mlima ukiporomoka ni kama mtu aliyetupa jiwe ndani ya beseni: mawimbi huwa makubwa karibu na pale, hupungua upesi yaendapo mbali, na wa jirani hawapati muda. Watu wa Sunda hawakuhisi tetemeko la kuwatoa majumbani. Mitambo ya kutoa tahadhari ilikuwa imetengenezwa kungojea tetemeko, basi ikanyamaza. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na hata wakuu wa huko walidhani kwanza kuwa ni maji kujaa tu. Baadaye wakasahihisha na kuomba radhi.

Na linalouma zaidi ni hili: mwaka 2012 wataalamu walikwisha kuchapisha hesabu zao, wakaonesha kuwa ubavu uleule wa kusini-magharibi ukianguka, mawimbi yatafika pwani kabla ya saa moja kupita. Elimu ilikuwapo vitabuni. Haikuwafikia mvuvi na mama mwenye watoto.

Wapo waliosema kuwa wale waliadhibiwa, kwa sababu baadhi yao walikuwa katika karamu ya muziki ufukweni. Mimi sikubali maneno hayo. Ni nani aliyempa msemaji habari za ghaibu? Maji yale yaliwachukua pia waliolala na watoto wachanga. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Basi ulimi ushikwe.

Wengine husema: ni kadari, kwa nini tukimbie? Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia habari za tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Sisi si wajuzi kuliko Umar.

Kwa hiyo, enyi watu wa pwani, wafundisheni watoto. Maji yakipwa ghafla na si wakati wake, au bahari ikinguruma ngurumo isiyojulikana, wasiteremke kuokota samaki wala kutazama. Wapande juu, wamshike mkono mzee na kipofu, wala wasirudi kufuata mali, kwani wimbi la kwanza huenda lisiwe la mwisho. Na asiyesubiri tetemeko ndiye aliyeelewa habari ya Sunda. Maimamu wenye vipaza sauti misikitini wanaweza kuwaita watu kwa dakika moja. Sioni udhuru wa kutovitumia.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama Banten na Lampung, uwape subira waliobaki bila ya watoto wao, na wahifadhi wanaolala usiku huu kando ya bahari. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu.