Karatasi Haijui Zamu
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10)



Habari za akiba na mikopo mtasomewa na Mtunza Hazina. Mimi nitasema jambo moja lililotusumbua tangu mwanzo, nalo ni kura ya upatu.

Tuko 12. Kila Januari tunakunja vikaratasi 12, tunavitia kikapuni, kila mtu anachota namba yake ya kupokea. Sasa kuna mwenzetu amechota namba 12 mara tatu katika miaka hii 10. Maneno yakaanza: kikapu kimechezewa, katibu ana mkono wake, mara yule ana nyota mbaya. Mwaka juzi nusura kikundi kivunjike.

Nikamwendea mwalimu wa hesabu. Akaniambia, mama, kwa kura 10 na watu 12, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja atakayekuwa wa mwisho mara mbili haufiki 4 katika 1,000. Yaani ajabu ingekuwa kutorudia! Na mmoja kuangukiwa mara tatu, akasema, si kitu cha kuitia polisi.

Kwa nini basi tunakataa? Nionavyo mimi, upatu wenyewe ni zamu: leo wewe, kesho mimi. Tumelelewa hivyo, hata kisimani. Basi tunadhani karatasi nayo inakumbuka kwamba fulani aliumia mwaka jana, mwaka huu imhurumie. Haikumbuki, jamani. Kila Januari inaanza upya, na wa mwisho wa jana ana nafasi ileile moja katika 12 kama mimi na wewe.

Vijana wetu kwenye mashine za kamari wanaliwa hapo hapo. "Nimekosa mara sita, ya saba lazima." Lazima kwa nani? Huko Monte Carlo mwaka 1913, kwenye gurudumu la kamari, kijipira kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wakazidi kuweka pesa kwenye nyekundu, eti sasa zamu yake imefika. Walipoteza fedha nyingi mno. Kwetu sisi wa namba 12 anapokea fungu lilelile la wa kwanza, anachoumia ni kungoja. Ingawa kungoja nako ni kazi, ada ya shule haingoji.

Kwa hiyo kamati imekubali: kura ibaki, ila mwenye shida aweza kubadilishana namba na mwenzake kwa hiari, mbele ya wote, na iandikwe daftarini. Kura ya 11 tunapiga leo baada ya chakula. Kikapu kile pale mezani, anayetaka kukikagua aje.