Msiseme "Ni Fundi Tu"

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeumba kila kitu akakikamilisha, na akampa mwanadamu akili na mikono miwili ili aiimarishe ardhi hii. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na wote wenye kuifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunapenda kuzungumza juu ya neno moja dogo lenye herufi mbili, ambalo limeingia katika nyumba zetu hapa Mtoni na kufanya madhara makubwa. Neno hilo ni "tu".

Wazee huletewa posa, wakauliza: "Kijana anafanya kazi gani?" Mshenga hujibu kwa sauti ya chini: "Ni fundi tu." Mama huulizwa habari za mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, naye husema: "Hakuchaguliwa, sasa anajifunza useremala tu." Lau kijana huyo huyo angekuwa amekaa ofisini akipanga majalada, hakuna ambaye angeliongeza neno hilo, hata kama mshahara wake ungekuwa nusu ya pato la seremala.

Tunamjua kijana mmoja wa mtaa wetu, na jina lake tunalihifadhi, aliyejifunza uashi kwa mjomba wake. Kila asubuhi alivaa shati safi, akatia mwiko, timazi na pimamaji ndani ya mkoba wa shule, akaenda kupanda daladala katika Barabara ya Kilwa, ili majirani wadhani kuwa anakwenda chuoni. Nguo zake za kazi alizifua huko huko kwenye ujenzi. Baba yake ndiye aliyemtaka afanye hivyo, kwani aliona haya. Na jioni, unga uliosongwa katika nyumba ile ulinunuliwa kwa ujira wa mwiko ule ule uliofichwa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mwizi huficha cha wizi. Lakini kijana anapolazimika kuficha cha halali, kosa hilo ni la nani? Si la kijana. Ni letu sisi wazee na walezi.

Tuirejee dini yetu, tuone imeiweka wapi kazi ya mikono. Nabii Nuhu (A.S.) aliamrishwa aunde jahazi, akaliunda mbele ya watu wake waliokuwa wakipita na kumcheka. Nabii Zakaria (A.S.) tumesimuliwa kuwa alikuwa seremala. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme mwenye hazina, na katika Sura ya Sabaa, aya ya 10 na ya 11, tunaelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita na avipime vizuri viungo vyake. Tazameni, ndugu zetu, kwamba hata kipimo cha kiungo cha chuma kimetajwa katika Kitabu kitukufu. Na katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume wetu (S.A.W.) ameeleza kuwa hakuna chakula bora kuliko kile ambacho mtu amekichuma kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano Nabii Daud huyo huyo.

Tena tumkumbuke Sahaba Khabbab bin Al-Aratt (R.A.), aliyekuwa mhunzi wa panga katika mji wa Makka. Tajiri mmoja wa Kikureshi, Al-As bin Wail, alikuwa na deni lake. Khabbab alipokwenda kudai haki yake, tajiri yule alikataa kumlipa mpaka amkane Mtume Muhammad. Mhunzi akakataa kuuza imani yake kwa ujira wake. Hebu tujiulize: baina ya wawili hao, mwungwana ni nani? Je, ni yule mwenye mali na ukoo, au ni yule mwenye nyundo na masizi mikononi? Wahenga wetu walisema: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Na mimbari ya kwanza aliyoisimamia Mtume (S.A.W.) kuhutubia ilichongwa na seremala, mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari. Kila Ijumaa, khatibu apandapo mimbari, anafuata desturi iliyopita mikononi mwa fundi.

Hapa kwetu pwani pia tunao ushahidi. Barabara hii inayopita Mtoni ikielekea Mbagala, mtu akiendelea kuifuata humfikisha Kilwa. Ng'ambo ya hapo, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, umesimama Msikiti Mkuu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapanuliwa sana katika karne ya 14. Ibn Battuta aliutembelea mji huo mwaka 1331, na mwaka 1981 magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Masultani wa Kilwa wametajwa katika vitabu. Majina ya waashi waliochonga mawe yale na kuyapindisha matao hatuyajui. Lakini kazi yao imewashuhudia kwa karne nyingi, na thawabu ya kila aliyesujudu humo iko kwa Mola asiyesahau.

Basi ndugu zetu, iwapo hii ndiyo daraja ya ufundi, kwa nini kijana wetu amalize shule kisha akae barazani miaka mitatu akingoja barua ya ofisi isiyokuja? Kilicho karibu naye hakioni. Pale Keko, maseremala wanatengeneza vitanda, makabati na makochi yanayokwenda katika nyumba za mji mzima. Pale Chang'ombe, katika wilaya yetu hii ya Temeke, kipo chuo cha ufundi stadi kilicho chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Na yule aliyejifunzia kazi barazani kwa fundi, bila ya kuingia darasani, anao utaratibu wa kupimwa ujuzi wake na mamlaka hiyo na kupewa cheti kinachotambulika. Serikali nayo, katika Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka mkondo wa ufundi katika shule za sekondari, ikauita mkondo wa amali. Litafakarini neno hilo. Amali ni neno lile lile tunalolitumia tunapomwomba Mwenyezi Mungu azikubali amali zetu.

Wala tusidhani kuwa maneno haya ni ya watoto wa kiume peke yao. Binti anayejua cherehani, au kufunga umeme, au kupaka rangi, ana ngao dhidi ya dhiki siku atakapofiwa au kuachwa na watoto mikononi.

Na mtaji? Wengi huogopa riba, na haki yao kuogopa. Lakini sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana wa mtaa mmoja, wakiaminiana, wanaweza kuungana na kuuliza katika ofisi ya kata yao.

Enyi mafundi, na nyinyi tunayo maneno kwenu. Heshima haiombwi kwa mdomo. Baadhi yenu mnapokea malipo ya kutangulia kisha mnazima simu. Mnaahidi nguo ya Idi, na Idi inaswaliwa nguo haijashonwa. Mnapunguza saruji na kuongeza mchanga pale mwenye nyumba alipogeuza kisogo. Kumbukeni kuwa mtu analala chini ya kazi yenu, pamoja na mkewe na watoto wake. Mji wetu uliona jengo la ghorofa likiporomoka katikati ya mji tarehe 29 Machi 2013, wakafa watu zaidi ya 30. Ukaona tena Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Hatumhukumu mtu yeyote kutoka katika mimbari hii. Tunasema tu kwamba ukuta ni amana, na waya wa umeme ni amana, na breki ya gari ni amana.

Na nyinyi wenye kuwatumia mafundi, mcheni Mwenyezi Mungu katika ujira wao. Tumepokea katika Hadithi kwamba mwenye kumwajiri mtu akaimaliza kazi yake, kisha asimpe ujira wake, ni miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. "Njoo kesho" mara saba ni dhulma, hata kama inasemwa kwa tabasamu.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu Waislamu, tumalizie habari ya kijana wetu mwenye mkoba. Mvua za masika zilibomoa ukuta wa mahali pa kutawadhia katika msikiti mmoja. Baada ya Sala ya Ijumaa ikaulizwa kama yupo mwashi. Watu wakanyamaza, wakatazamana. Kijana akaangalia upande aliokaa baba yake, kisha akasimama. Akafungua mkoba mbele ya jamaa wote, akatoa mwiko, na timazi, na pimamaji. Hakuna aliyecheka. Kazi ilipoanza, mzee yule hakusema neno; alikunja mikono ya kanzu yake, akashika ndoo, akawa saidia fundi wa mwanawe mpaka Alasiri. Tangu siku ile mkoba wa shule haukutumika tena.

Enyi wazazi, msiwangojee watoto wenu wafunguke hivyo mbele ya watu. Wafungulieni nyumbani. Kijana akisema anataka kujifunza ufundi, mwulizeni ni ufundi gani, na mwalimu wake ni nani, na vifaa vinagharimu kiasi gani. Na mkiulizwa habari zake, semeni: "Ni fundi." Kisha nyamazeni. Jina hilo linajitosheleza.

Ewe Mola wetu, ibariki mikono ya vijana wetu, uwape riziki ya halali, uwape uaminifu katika kazi zao, na ututoe sisi katika kiburi cha kudharau neema Zako. Wasamehe Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Simameni tuswali.