Mama Mjamzito Asiachwe Peke Yake

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Mwitongo



Mwanamke akishajifungua twamwuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama maziwa yanatoka. Hali ya moyo wake haiulizwi. Machozi ya siku za kwanza huwapata wengi, nayo hupita. Lakini majuma mawili yakipita naye bado halali hata mtoto alalapo, hali chakula, au anajiona hafai kuwa mama, huo ni ugonjwa: sonona ya uzazi. Mara nyingi huanza mimba ikiwa bado tumboni.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Daktari John Cox aliwachunguza wajawazito wa Kasangati, karibu na Kampala, katika miaka ya 1970, akaikuta sonona miongoni mwao. Waganda walikuwa na jina la wazimu wa mzazi, amakiro, wakisadiki kuwa huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Hivyo mgonjwa akawa pia mshtakiwa. Nasi je, tunaponong'ona kwamba fulani amerogwa, au ni mvivu? Baadaye, huko Uskoti, Cox na wenzake walitunga maswali 10 ya kuutambua ugonjwa huu, yaliyochapishwa mwaka 1987, na leo hutumika katika nchi nyingi.

Tume ya Haki na Amani inahusikaje? Utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliotendewa ukatili na wenzi wao wakati wa mimba walikuwa katika hatari ya sonona zaidi ya mara 3 kuliko wenzao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi kumpiga mwenziwe. Mwalimu, aliyezikwa hapa Mwitongo, ndiye aliyekuwa Rais ilipopitishwa. Viongozi wanaosuluhisha ndoa kwa kumhimiza mke avumilie waikumbuke.

Injili ya Luka yasimulia kwamba Maria alikaa kwa Elisabeti miezi mitatu hivi. Kila jumuiya na imwekee mjamzito akina mama wawili wa kumtembelea: wateke maji, wafue, kisha wamwulize, "Wewe mwenyewe unaendeleaje?" na wasikilize bila kumhubiria. Baba naye abebe mtoto usiku. Hakuna mila itakayovunjika.

Mama akisema anataka kufa, au anaogopa kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Novena iendelee akiwa njiani.